Mikono ya Kushoto

Muhula uliokwisha nilimrudishia mwalimu mkuu ufunguo wa kabati la chaki. Akanishukuru kwa Kichewa, nikamjibu zikomo, yaani asante, na kazi yangu ikaishia hapo. Walimu vijana wa hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, waliniomba niandike niliyoyaona darasani kabla sijayasahau. Nani alinipandisha, nani alinishusha, hayo sitayaandika, maana hayamsaidii mtu atakayesimama mbele ya watoto kesho asubuhi. Nitaandika nilivyojifunza kazi, na jinsi mtihani wa cheti ulivyonikuta nimezeeka, ukanionyesha kitu ninachokikumbuka mpaka leo.

Nilianza kufundisha kwetu Fizi, Kongo, nikiwa nimemaliza sekondari, upande wa ualimu. Shule ilikuwa ya udongo, juu ya kilima, na ubao ulikuwa mbao mbili zilizogongomelewa pamoja na kuacha ufa katikati. Nane ikiandikwa juu ya ufa ilionekana kama tatu, na watoto waliandika tatu kwa uaminifu kabisa. Siku ya kwanza sikufundisha. Direkta, mkuu wa shule, alinipa betri za redio zilizokufa, akaniambia nizipasue, nitoe unga mweusi wa ndani, niuchanganye na majani ya viazi yaliyotwangwa, nipake ubao. Rangi hiyo hukaa muhula mzima usipozidisha maji. Mimi nilizidisha. Ubao ukanuka, nzi wakaja kusoma pamoja nasi wiki nzima.

Direkta huyo ndiye aliyenitengeneza. Alikuwa mzee mfupi, suruali yake imepigwa pasi ya mkaa hata siku za mvua. Alinifundisha kuandika maandalio ya somo jioni, si asubuhi, kwa sababu asubuhi mtu huandika anachokijua badala ya anachotaka kufundisha. Alinifundisha kusimama ubavu nikiandika ubaoni, jicho moja kwa watoto. Alinifundisha kuvunja chaki mpya vipande viwili ili isipige kelele. Vijana, hayo yote yashikeni, bado ni kweli.

Akanifundisha na habari ya mikono.

Inspekta alikuja mara chache, kwa pikipiki, na kijiji kizima kilipata habari kabla hajavuka mto. Siku moja kabla, Direkta aliwakusanya watoto wangu na kuwapa amri. Mwalimu akiuliza swali, kila mtoto ainue mkono, asibaki hata mmoja. Anayejua jibu ainue wa kulia. Asiyejua ainue wa kushoto. Mwalimu atachagua wa kulia tu. Kisha akanigeukia mimi.

"Inspekta anaangalia mikono," aliniambia. "Haingie mu kichwa ya mutoto."

Kesho yake darasa zima liliinua mikono kwa kila swali, na kila niliyemchagua alijibu sawasawa. Inspekta aliandika maneno mazuri sana. Mimi nilipigwa na butwaa, ila kwa furaha. Nilijiona nimefunuliwa siri ya kazi. Miaka ile mwalimu aliyesifiwa na inspekta alisalimiwa kwanza hata sokoni.

Vita vilipotutoa Fizi sikubeba kitabu hata kimoja. Habari ya mikono niliibeba.

Hapa Dzaleka nilipokelewa kama mwalimu wa kujitolea, nikapewa darasa la tatu lililojaa hadi madirishani. Walikuwamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na watoto wa Kimalawi wa vijiji vya jirani. Nilisema bonjour kwa sauti kubwa na karibu wote wakageuka kutazama ni nani ameingia nyuma yao. Kiingereza nilikijifunza usiku, kurasa chache mbele ya watoto. Kichewa walinifundisha wao wenyewe, ndiyo maana mpaka leo nikizungumza na watu wazima wa hapa wananijibu polepole, kama mtu anayesema na mtoto.

Kwa darasa kubwa namna ile, mikono ilinifaa kuliko kitu chochote. Mwanzoni niliitumia wageni wakija. Halafu nikaona inafaa hata siku za kawaida. Unauliza, mikono inapanda, unachagua wa kulia, jibu linatoka, somo linasonga. Mwalimu mkuu akipita nje anaona darasa lililo hai. Baada ya muda watoto hawakuhitaji kukumbushwa. Waliokuja wapya walifundishwa na wenzao wakati wa mapumziko, kabla hata ya kufundishwa choo kiko wapi.

Hapo ndipo alipokuja Neema. Alitoka Uvira na watoto wake watatu, mume akapotelea njiani, naye kwanza aliuza mandazi sokoni. Alikuja kwangu kama msaidizi, kunifutia ubao na kunitulizia waliokaa nyuma, na baadaye akapewa darasa lake mwenyewe, la pili, mlango wa jirani na wangu. Kila alichokijua cha darasani alikiona kwangu, pamoja na mikono. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kengele ya mwisho ikilia mimi nilitoka wa kwanza, yeye alibaki ndani. Nilimtania kwamba anaogopa kurudi nyumbani kupika, naye alicheka tu.

Kisha likaja tangazo kwamba walimu wa kujitolea wote lazima wapate cheti cha ualimu kinachotambulika hapa Malawi, la sivyo hatutasimama tena darasani. Mtihani ungekuwa na sehemu mbili: wa kuandika, Lilongwe, na wa vitendo, ambapo mkaguzi angekuja kuketi darasani kwako akutazame ukifundisha. Mimi nilikuwa karibu na kupumzika kwa vyovyote. Kwa Neema habari ilikuwa nyingine. Bila cheti angerudi kwenye mandazi, na moshi wa yale mafuta ulikuwa umeshamharibia kifua. Siku ya tangazo alinifuata mpaka mlangoni kwangu.

"Papa, unisaidie. Mi sikusoma ualimu. Weye njo shule yangu."

Njo ya kwetu ni ndiyo; alimaanisha mimi ndiye shule yake. Nilimwambia asiogope. Nilisema hivyo kama mtu anayejua.

Tukafanya kikundi, mchana baada ya masomo, ndani ya kanisa letu la mabati. Mimi ndiye niliyeongoza, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na nilikuwa na diploma. Nilichukua yale niliyokariri ujanani kwa Kifaransa, nikayageuza Kiingereza, nikawakaririsha: maana ya ualimu, maana ya somo, maana ya darasa, tofauti ya elimu na mafunzo. Wote kwa sauti moja, mpaka mabati yanaitikia. Kati yetu alikuwamo Saidi, kijana wa Kindu, mwana wa wafanyabiashara, aliyefundisha asubuhi na kuuza sabuni jioni. Siku ya nne aliweka daftari chini.

"Papa Wilondja, kwetu Kindu bidhaa ikihitaji maneno mengi hivi, tunajua iko na kasoro."

Watu wakacheka, hata mimi. Neema hakucheka. Aliuliza kama mtoto hajaelewa somo, maana hizi zitamsaidia nini. Nikamjibu kwa ukali kidogo: mtihani kwanza, mtoto baadaye. Maneno hayo ni yangu, sikuyasikia kwa mtu mwingine.

Ikafika zamu ya kuandaa somo la vitendo. Neema alichagua kutoa kwa kuazima, mambo yanayowashinda wengi darasa la pili. Alikuja na kopo lililojaa vizibo vya soda, akasema anataka watoto wakae chini, wafunge vizibo kumi kumi kwa uzi, kisha wavifungue wanapoazima. Nilimkatalia palepale. Watoto chini, vizibo vinalia, mkaguzi ataona soko la Chilinde, kule Lilongwe. Nilimwambia afundishe ubaoni, watoto wakunje mikono kifuani, halafu kwa maswali atumie mikono kama tulivyozoea. Aliniangalia kidogo, akarudisha kopo ndani ya mfuko wake.

"Njo vile, Papa," alisema. "Nitafanya unavyosema."

Kwa mtihani wa kuandika tulilala Chilinde kwa binamu wa Saidi, na asubuhi tukaenda kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Area 47, nguo zetu zimepigwa pasi, kalamu mbili mbili mfukoni. Nilifungua karatasi nikasoma swali la kwanza, nikaenda la pili, nikarukia la mwisho, nikarudi mwanzo. Hakuna hata swali moja lililouliza maana ya kitu. Kila swali lilianza na mtoto. Mtoto haoni ubao na anaona aibu kusema. Mtoto anasinzia kila siku saa nne. Mtoto anajua jibu kwa lugha ya nyumbani ila si kwa Kiingereza. Ungefanya nini, na kwa nini?

Nilitazama huku na huku kama mtu aliyeingia msiba usio wake. Nilikuwa nimefundisha tangu ujana na sikuwa na la kuandika. Mwishowe niliandika zile maana zangu, zote, kwa mwandiko mzuri sana. Mbele yangu Neema alikuwa ameinama na kalamu haisimami, na mara nikamwona anainua mkono kuomba karatasi ya ziada. Nilimhurumia. Nilidhani amekosea, anaanza upya.

Nje ya ukumbi Saidi alijifuta jasho.

"Papa, ile karatasi ilikuwa ya mwalimu ama ya daktari?"

Tulirudi Dzaleka, na njiani nilijiambia kwamba tutapona kwenye vitendo, kwa sababu vitendo ndiyo nyumbani kwangu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo kutoka Lilongwe, viatu bapa, sauti ya chini. Alianza na Neema. Mwalimu mkuu aliniruhusu kukaa nyuma kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea kikazi. Watoto walikunja mikono, ubao ulikuwa safi, tarehe imeandikwa. Neema akafundisha kama nilivyomwagiza, akaandika arobaini na mbili kutoa kumi na saba, akauliza nani anaweza. Mikono yote ikapanda. Nilimwona mkaguzi akiinua uso na kuandika kitu. Moyo wangu ukatabasamu. Neema akachagua, mtoto akajibu ishirini na tano, tukapiga makofi.

Akauliza la pili, mikono ikapanda tena. Hapo mkaguzi akaomba kwa upole achague yeye.

Alimchagua msichana wa benchi la pili, Riziki. Riziki akasimama, akanyamaza. Akamchagua mwingine kule pembeni, naye akasimama, akanyamaza. Mkaguzi hakukasirika. Alitazama mikono ambayo ilikuwa bado juu, akaitazama tena, kisha akaenda kwa Riziki, akainama, akamuuliza kwa Kichewa kwa nini aliinua mkono ikiwa hajui.

Riziki alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi namna ile.

"Niliinua wa kushoto, madamu. Wa kushoto ni wa wasiojua."

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujibu. Nilimtazama Neema nikaona mandazi, nikaona moshi, nikaona watoto wake. Nilitaka kusimama niseme ni mimi, lakini sikusimama, na hilo nalo ni langu.

Mkaguzi aliwaomba watoto wainue mikono yao tena. Wakainua. Akapita katikati ya mabenchi taratibu, akitazama kushoto na kulia, kama mtu anayesoma. Alipofika mbele alimgeukia Neema.

"Kwa hiyo kila siku unajua ni nani hajui."

"Ndiyo, madamu."

"Na unawafanyia nini?"

Nilifumba macho. Swali hilo sikuwahi kulisikia. Direkta hakuwahi kuniuliza, inspekta wa pikipiki hakuniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza hata siku moja. Nilingoja kumsikia Neema akilia.

Nilisikia kopo la vizibo likivutwa kutoka chini ya benchi la mbele. Nilipofumbua macho Neema alikuwa amelishika kifuani. Kwa Kiingereza chake cha kuvunjika alisema kwamba wa mkono wa kushoto hubaki nao baada ya kengele, wanakaa chini na vizibo, wanafanya mpaka mkono ubadilike. Akasema hesabu ya kujumlisha karibu wote wameshabadilika, hii ya kuazima bado, ameianza juzi. Riziki, bila kuulizwa, akamwambia mkaguzi kwamba kwenye kujumlisha yeye ni wa kulia.

"Basi nionyeshe mnavyofanya baada ya kengele," mkaguzi alisema.

Neema akanitazama. Mimi nilitazama sakafu. Akawaita wa kushoto mbele, wakakaa chini kama watu waliozoea kukaa pale, na kelele nilizozikataza zikajaa darasa. Mtoto mmoja alifungua kifungu cha vizibo kumi na kupiga kelele kwamba ameazima. Riziki alihesabu, akakosea, akafungua kifungu kingine, akahesabu tena, na akainua mkono. Ulikuwa wa kulia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Mimi nilikuwa mlango wa jirani miaka yote hiyo. Ukuta kati yetu ni wa matofali mabichi, na sauti inapita. Lakini kengele ikilia nilikuwa nimeshatoka.

Mkaguzi alikuja kwangu baada ya mapumziko. Sikuwaambia watoto lolote. Niliuliza swali la kwanza na mikono ikapanda yenyewe, kama ilivyopanda kila siku. Hakumchagua mtu. Alisimama pale nyuma akitazama mikono ya kushoto, ambayo ilikuwa mingi, mingi kuliko nilivyowahi kuiona, kwa kuwa siku hiyo ndiyo niliitazama. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile ya chini, akiniita madala, yaani mzee:

"Na wewe, madala, hawa unawafanyia nini?"

Ningeweza kusema nabaki nao. Neema alikuwa amenipa jibu zima, na mama yule asingejua. Nilifungua mdomo nikaona watoto wananisikiliza.

"Sikuwafanyia kitu," nilisema.

Akaandika maneno machache, akanishukuru, akatoka.

Matokeo yalikuja baadaye. Neema alifaulu yote mawili. Mkaguzi alimwandikia kwamba aache kuliinuisha mikono darasa zima kwa ajili ya wageni, na kwamba kazi ya baada ya kengele ailete ndani ya somo, mbele ya watu. Saidi alifaulu kuandika na kurudia vitendo. Mimi nilianguka sehemu zote mbili. Mwalimu mkuu aliniambia nina haki ya kurudia. Nikamwambia nimepumzika. Watu walidhani ni uzee, nikawaacha wadhani.

Lakini kuanguka hakukunishtua kama lile swali. Mwalimu mwingine anaweza kusema hakujua ni mtoto gani ameachwa nyuma. Mimi siwezi. Watoto waliniambia ukweli kila siku, kila swali, kwa mikono yao, nami niliutumia ukweli huo kujua ni nani wa kumruka.

Wenzangu walininunulia kitambaa cha suruali ya kuagwa, nikakipeleka kwa Alimasi, fundi wa cherehani karibu na soko. Alimasi ni mtoto wangu wa miaka ya kwanza hapa kambini, sasa ana ndevu na mke. Alinipima kwa uzi wenye mafundo. Nilikuwa nimeshonesha kwake mara nyingi na kuona uzi ule, nikadhani ni mtindo wa mafundi. Siku hiyo nilimuuliza tepu ya kupimia iko wapi. Akaitoa kwenye droo, mpya, bado imekunjwa.

"Ile namba yake siijue muzuri, Papa. Uzi haunidanganye."

Kisha nikamuuliza darasani kwangu alikuwa anainua mkono gani.

"Kushoto," alisema, akiendelea kufunga fundo. "Siku yote kushoto."

"Kwa nini hukuniambia kwamba huelewi?"

Aliacha uzi, akanitazama kwa mshangao, bila hasira.

"Nilikuwa nakuambia, Papa. Mukono ya kushoto, si njo ile?"

Nilivaa suruali ile siku ya kuagwa, ikanikaa vizuri sana, na hotuba za watu sikuzisikia.

Siku hizi asubuhi, kabla wateja hawajaja, nakwenda kwa Alimasi. Tunakunjua tepu juu ya meza ya cherehani na kuisoma pamoja. Mwanzoni alikuwa anatikisa kichwa kwa kila kitu, ndiyo, ndiyo, kama wanavyofanya watu wazima kumheshimu mwalimu wao. Juzi niliweka kidole kwenye sitini na nane, nikamuuliza ni ngapi. Alianza kutikisa kichwa. Nikasubiri. Mteja akasimama mlangoni, nikamwomba angoje nje kidogo.

"Sijue, Papa," Alimasi alisema.

Nikavuta kiti karibu, tukaanza tena toka moja.